Sifuri za Namba Thelathini na Moja

Ijumaa ya kwanza baada ya maziko, simu ya marehemu ililia juu ya kabati la vyombo.

Mama Upawa alikuwa anafuta meza isiyokuwa na uchafu. Aliitazama ile simu ikitetemeka na kusogea yenyewe kidogo kidogo, kama inayotaka kujitupa sakafuni, akaiwahi. Hakuwa amejipanga kusema lolote. Siku zile chache alikuwa ameshawaambia watu wangapi? Majirani, mwenye nyumba, mashangazi wa mtoto, hadi muuza gesi. Kila alipomwambia mtu, ilikuwa kama mwanawe anakufa upya, na yeye ndiye anayemuua kwa ulimi wake.

"Namba thelathini na moja?" ikauliza sauti ya kike, ya haraka haraka. "Leo ni siku ya kurudisha vifuko na daftari. Tunafunga saa kumi. Upo?"

Mama Upawa akashika ukingo wa meza.

"Yupo," akasema. "Mimi ni mama yake. Nitavileta mimi."

Neno likawa limeshatoka. Aliiweka simu chini akabaki amesimama palepale na kitambaa mkononi. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini kulikuwa na kitu kimemshika moyo, kitu chenye joto. Mji mzima ulikuwa umeshamzika binti yake. Palikuwa pamebaki dirisha moja tu, mahali fulani, ambapo mtoto huyo bado anatazamiwa, anakaripiwa kwa kuchelewa, anaambiwa watafunga saa kumi.

Akavaa viatu.

Binti alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa kupokea simu za dharura. Kwa muda wa saa nane kila siku, vidude vya kusikilizia viko masikioni, watu wanamlilia: leteni gari la wagonjwa, mama haamki, mtoto kameza kitu. Yeye anauliza kwa upole, mko wapi, anapumua? Akirudi nyumbani tumbo linawaka. Akila linavimba, asipokula linachoma, na asubuhi kabla ya zamu anakimbilia chooni mara nne. Hospitali walimpa vidonge, vikasaidia nusu. Ndipo mwenzake wa meza ya pili akamwambia kuna utafiti unatafuta watu wenye matumbo kama lake, yanayougua kwa wasiwasi.

Mwenzake huyohuyo wa meza ya pili ndiye aliyeipokea ile simu ya Jumapili, ya gari lililokatika breki mbele ya ofisi yao. Naye aliuliza kwa upole, anapumua?

Ilikuwa siku ya kumi na saba ya dawa.

Utafiti ulikuwa katika jengo ambalo zamani hospitali ilifulia mashuka, juu yake kukiwa na wodi. Mifereji ya maji bado ilikuwa kwenye sakafu, na ndoano za kamba bado zilikuwa ukutani, ila sasa palinuka maganda ya machungwa yaliyokauka, magome na mizizi michungu. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba aliyesoma Uchina miaka saba. Alirudi na swali moja: hizi dawa ambazo Wachina wanampikia mtu aliyeharibiwa tumbo na mawazo, zinatibu kweli, au watu wanafarijika tu kwa kuhudumiwa? Basi nusu ya wagonjwa walipewa dawa iliyopikwa kwa majani na mizizi yenyewe, na nusu wakapewa maji yaliyotiwa rangi na uchungu, yasiyo na kazi yoyote. Nani anakunywa ipi, hakuna aliyejua, hata Daktari. Majibu yalikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kabatini, mpaka mwisho wa mambo.

Kila mtu alipewa namba. Kila Ijumaa alichukua vifuko kumi na vinne vya plastiki vyenye dawa, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni, akarudisha vitupu vya wiki iliyopita. Alipewa na daftari la maswali manne kwa siku, linalokaguliwa kila Ijumaa na kurudishwa kwake. Tumbo limeuma kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi? Umekula nini? Umelalaje? Jambo gani limekukaa moyoni? Daktari angempima mgonjwa mshipa wa mkono mara mbili tu, mwanzo na mwisho wa wiki nane. Hapo katikati, yeyote wa nyumbani aliweza kumchukulia.

Kabla ya kutoka nyumbani Ijumaa ile ya simu, Mama Upawa alilifungua daftari, akakuta kurasa za siku tano ziko tupu. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini kuandika anaandika. Akachukua kalamu. Tumbo limeuma kiasi gani? Akafikiri sana. Mwisho akaandika sifuri, ya mviringo, kubwa, iliyoshiba. Nani angemkataza? Miaka sita mtoto alikuwa anaungua. Kama yuko mahali ambapo mama yake anaweza kumwandikia chochote, basi na amwandikie uzima.

Akaandika sifuri tano.

Dirishani alikaa karani ambaye watu wote walimwita Bi Namba, kwa sababu hakuna mtu aliyemjua kwa jina lake la nyumbani. Alivihesabu vifuko, uso ukakunjamana.

"Mama, hivi kumi vimejaa. Thelathini na moja hanywi dawa?"

"Alikuwa… zamu zilimbana."

"Mwambie hatuchezi hapa. Akirudisha vilivyojaa tena, tunamtoa. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Halafu mwambie sifuri hazigawiwi bure hapa. Aandike anavyojisikia kweli."

"Nitamwambia," alisema Mama Upawa, na alipotoka nje na vifuko vyake kumi na vinne kifuani, alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Kuimwaga ile dawa hakuweza. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule, na jina la Mama Upawa alipewa na watoto waliopanga foleni mbele ya masufuria yake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwaga kitu kinachoingia tumboni. Tena alikuwa na mtindo wake: akishagawa, alisimama mlangoni mwa bwalo, upawa mkononi, akitazama mpaka sahani ya mwisho iishe. Mtoto anayechezea chakula alimsimamia kichwani. Hakuna aliyetoka na njaa, na yeye alijisifu kwa hilo mpaka siku aliyostaafu.

Kwa hiyo alikiweka kifuko kwenye maji ya moto, akakikata kwa mkasi, akamimina kikombeni, akanywa. Ilikuwa chungu, halafu tamu kidogo, halafu chungu tena. Aliosha kifuko akakianika dirishani. Jioni akanywa kingine, akakaa na daftari. Umekula nini? Viazi na yai. Umelalaje? Vizuri. Jambo gani limekukaa moyoni? Hapo kalamu ilisimama muda mrefu. Akaandika, Sina.

Siku zikaenda hivyo. Ijumaa ya pili ya uongo wake, Bi Namba alimpokea huku anacheka.

"Mama Upawa! Huyu binti yako umemlisha nini? Sifuri wiki mbili! Halafu tazama, Daktari mwenyewe ameliona." Akafungua daftari na kuonyesha kwa kidole. "Mwandiko. Mwanzoni alikuwa anaandika kama amefukuzwa na mbwa, herufi zimelala. Sasa ona, moja moja, zimesimama, zimetulia. Daktari ameandika kwenye faili lake: mwandiko umetulia."

Mama Upawa akaziangalia zile herufi zake za darasa la nne.

"Ametulia kweli," akasema.

Kwenye benchi la kusubiri alikaa kinyozi mmoja mwenye upara, namba arobaini, mtu wa maneno ambaye tumbo lilimkondesha lakini halikumfunga mdomo. Tangu asikie habari za zile sifuri, alikuwa hakai mbali na Mama Upawa.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba. Nani kakuoza?"

"Bado. Nasubiri thelathini na moja apone sawasawa, nisije nikauziwa mgonjwa."

"Na wewe ni mzima?"

"Mimi nina kidonda kimoja tu, kidogo, nimeshakizoea kama mpangaji. Hebu niambie, ananuna?"

"Nani?"

"Mwenzangu! Mwanamke mwenye tumbo sifuri hawezi kununa. Mke wangu wa kwanza alikuwa na saba, akinitazama tu na langu linapanda."

Benchi zima likacheka. Mama Upawa naye akajikuta anacheka, mkono mdomoni, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Wiki iliyofuata alipofika, Kinyozi alimsogezea nafasi.

"Salamu zangu ulifikisha?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kunyamaza.

"Nilifikisha. Amesema hawezi kuolewa na kinyozi mwenye upara, watu watadhani biashara imekufa."

Watu walivunjika mbavu. Kinyozi alijipiga kichwa kwa kiganja, akasema huyo ndiye, huyo huyo, hatafuti mwingine. Na kweli yalikuwa maneno ambayo binti yake angeyasema, kwa sauti ileile ya kukokota, jicho moja limefumbwa. Mama Upawa alitembea kurudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetoka kuzungumza naye.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na shughuli.

Ilianza saa saba mchana, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu ya jikoni, nje watoto wa jirani wanapigizana kelele. Alikuwa amekaa mezani na sahani yake. Tonge la kwanza lilipita. La pili likakwama, kwa sababu alijua kuna mtu amesimama mlangoni.

Hakumsikia akiingia. Alijua tu, kama mtu anavyojua anatazamwa akiwa anavuka uwanja. Mtu huyo ameegemea upande wa kushoto wa fremu, hana haraka, anangoja. Na maganda ya machungwa yakanuka zaidi kuliko yalivyokuwa yananuka. Mama Upawa hakugeuka. Alilitafuna tonge mpaka likawa maji, nalo halikuteremka. Mwisho aliinuka na sahani, na mlango ulikuwa mtupu, jua limelala pale kwenye kizingiti.

Kesho yake mchana, tena. Kesho kutwa, tena. Asubuhi hapana, jioni hapana, ila pale anapokaa kula chakula chenyewe. Akajaribu kula amesimama. Akajaribu kuwasha redio. Aliyesimama alisimama. Tumbo la Mama Upawa, ambalo lilikuwa limekula makoko ya masufuria ya shule miaka thelathini bila kulalamika, likaanza kujifunga. Likavimba. Likachoma chini ya mbavu mpaka akawa anainama akiwa njiani. Nguo zikampwaya. Na kila jioni alikunywa dawa ya mwanawe, akafungua daftari la mwanawe, tumbo linamwaka, akaandika sifuri.

Siku ya arobaini na moja ndipo alipofanya jambo ambalo alikuwa analikwepa. Alirudisha kurasa nyuma, akasoma zile za mwanzo, zenye herufi zilizolala. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa.

Siku ya tatu, tumbo nane. Simu ya baba aliyepotelewa na pumzi, sijui kama gari liliwahi. Siku ya saba, tumbo saba. Siku ya kumi na mbili, tumbo tisa, na hapo maneno yalikuwa mengi mpaka yamepanda ukingoni:

"Leo sikuwa kazini, nilidhani litatulia. Mama amepika vizuri. Lakini akishapakua anasimama mlangoni na upawa ananitazama nikila. Ananihesabia matonge. Toka mdogo yuko hivyo. Nikijua yuko pale tumbo linafunga kama ngumi, simu zote za wiki hazinifanyi hivyo. Ananipenda, najua. Sijui nitamwambiaje akae."

Mama Upawa alisoma mara ya pili. Halafu akalifunga daftari, akaliweka chini ya gazeti, juu ya gazeti akaweka bakuli, kana kwamba lingeweza kufunguka lenyewe.

Kesho yake mchana alipika, akapakua, akakaa. Mlangoni pakajaa mtu. Na sasa alijua vizuri kabisa pale mlangoni pamesimama nini: ule utazamaji wake mwenyewe, umerudishwa nyumbani na mwanawe. Hakula hata tonge moja.

Ijumaa hiyo alifika kwenye jengo la mashuka akiwa amejikaza tu. Kinyozi alimpisha kwenye benchi, akamwinamia sikioni. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama mkwe, nakuuliza kwa dhati. Mimi ni wiki ya sita, bado nina sita. Sijasogea. Hivi thelathini na moja anafanyaje? Kuna siri gani?"

"Hakuna siri."

"Ipo. Watu wote hapa wana tano, wana saba, yeye sifuri tupu. Vidonge vya hospitali anakunywa pamoja na hii, au vipi?"

Kwenye rafu ya jikoni kilikuwapo kile kiboksi cha vidonge, nusu, hakuna aliyekigusa. Mama Upawa alikuwa amechoka, tumbo linamsokota, na kulijibu swali kwa niaba ya mwanawe kulikuwa kumeshamkaa mdomoni kama kupumua.

"Havigusi tena," akasema. "Anakunywa hii peke yake."

"Ahaa," akasema Kinyozi, akaegemea ukuta, anatabasamu. "Nilijua."

Daktari alikuwa amewaambia wote tangu siku ya kwanza, tena maneno yameandikwa ukutani kwa wino mwekundu: vidonge vya hospitali visiachwe bila ruhusa. Mama Upawa aliyaona yale maandishi wakati anaondoka. Aliyasoma yote. Akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata, siku ya hamsini, nafasi ya Kinyozi kwenye benchi ilikuwa wazi.

"Arobaini hayupo?" alimuuliza Bi Namba.

Bi Namba hakuwa na kicheko siku hiyo. "Yuko juu, wodini. Ametapika damu juzi akiwa anamnyoa mteja. Aliacha vidonge, mama. Watu wazima hawa! Tumewaambia, tumewaandikia, mtu anaacha vidonge vya kidonda!"

Mama Upawa aliweka mfuko wake wa vifuko vitupu kwenye dirisha. Hakuuliza zaidi. Alipanda ngazi huku ameshika ukuta.

Kinyozi alikuwa kitanda cha mwisho, sindano ya maji mkononi, midomo imepauka. Alimwona akajaribu kunyanyua kichwa.

"Mama mkwe. Umekuja mwenyewe?"

"Lala, mwanangu."

"Nitaishi, wamesema. Wameniwekea damu ya watu, sijui ya nani, labda ya mwanasiasa, nimeanza kuahidi ahadi." Alicheka kidogo, akashika tumbo. "Mwambie binti yako nilimfuata, lakini kule aliko yeye sikufika. Yeye ana mwili wa namna gani, yule?"

Mama Upawa alisimama pale miguuni pa kitanda. Kwa mazoea alikuwa amesimama kama kwenye mlango wa bwalo, mikono imefumbatwa, anamtazama mtu aliyelala. Alipotambua anavyosimama, alivuta kiti akakaa.

"Mwambie aje kunisalimia," alisema Kinyozi, macho yanamfumba. "Nimwone mara moja tu. Simsumbui."

Kulikuwa na wagonjwa arobaini na wanane waliopita kwenye lile benchi kila Ijumaa. Alijua idadi kwa sababu alikuwa mpishi, na mpishi hahitaji kuambiwa kuhesabu vichwa. Kila mmoja alikuwa ameshasikia habari za thelathini na moja. Na mwakani, ile bahasha ikifunguliwa, sifuri zake zingetoka pale na kwenda kwa watu asiowajua, wenye matumbo yanayowaka, wakiambiwa: kuna mmoja alipona kabisa. Mtoto wake angekuwa hai kwenye karatasi zote hizo. Angekuwa hai, na angekuwa anaua.

"Hawezi kuja," alimwambia Kinyozi. Lakini Kinyozi alikuwa ameshalala.

Daktari alikuwa peke yake ofisini. Mbele yake mezani palikuwa na kimto kidogo cha kuwekea mkono wa mgonjwa, kimechakaa katikati kwa mikono ya watu. Mama Upawa hakungoja kukaribishwa. Alikaa, akakunja mkono wa gauni, akaulaza mkono wake juu ya kimto, kiganja kikitazama juu.

"Mama, miadi ya binti yako ni Ijumaa ijayo," alisema Daktari. "Na aje yeye."

"Nishike."

Daktari alimtazama usoni. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Nje Bi Namba alikuwa anaita namba za watu. Alimwambia atoe ulimi, akautazama, akashika mkono wa pili, na vidole vyake vikakaa pale hata baada ya kuwa ameshajua alichotaka kujua.

"Umekuwa unakunywa wewe," alisema.

"Mimi."

"Na daftari?"

"Mimi. Zile herufi zilizotulia ni zangu. Sifuri zote ni zangu, thelathini na tatu. Siku ya kumi na sita kurudi nyuma ndiye yeye."

"Yuko wapi yeye, mama?"

Hapo ndipo Mama Upawa alipofika. Wiki zote hizo alikuwa anatembea kuelekea kwenye neno hilo huku anajifanya anatembea kuliacha. Alitazama zile ndoano za kamba ukutani, akatazama kimto.

"Amekufa," akasema. "Gari. Siku ya kumi na saba. Mlipopiga simu niliwaambia yupo."

Daktari hakuuondoa mkono. Alifungua kabati kwa mkono wa kushoto, akatoa faili, akachukua kalamu. Alichora mstari mmoja chini ya siku ya kumi na sita, mstari mwekundu mnyoofu, akaandika neno moja pembeni. Mama Upawa aliusikia ule wino ukikwaruza. Hakulia. Lilikuwa dirisha la mwisho, nalo limefungwa, na aliyelifunga ni yeye.

"Aliyosema kwa mkono wake yatabaki," alisema Daktari. "Siku kumi na sita ni zake. Hakuna atakayezifuta. Hizi nyingine nitaandika jinsi zilivyopatikana, na leo nitawaambia wote kwenye benchi."

"Na Kinyozi?"

"Kinyozi utamwambia wewe."

"Nitamwambia. Ila nijibu moja. Dawa aliyopewa mwanangu, ilikuwa yenyewe au yale maji?"

"Sijui, mama. Kweli sijui. Bahasha haijafunguliwa." Daktari akaweka kalamu chini. "Sasa na wewe nijibu, usinidanganye. Hilo tumbo lako ni namba ngapi?"

Alitaka kusema sifuri. Ulimi ulikuwa umeshaizoea.

"Nane," akasema. "Kuna mtu anasimama mlangoni nikila."

Daktari hakucheka, wala hakuandika. "Unamjua?"

"Namjua."

"Anataka nini?"

Mama Upawa alifikiri. "Anataka kukaa, nadhani."

Aliambiwa arudi Jumatatu, hospitali ya kawaida, kwa jina lake mwenyewe, apimwe na kutibiwa. Lakini kwanza alipanda tena ngazi. Kinyozi alikuwa macho. Mama Upawa alivuta kiti, akamwambia yote, kuanzia simu iliyolia juu ya kabati. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakimteremkia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

"Basi yale ya upara," akauliza, "ni nani aliyesema?"

"Mimi. Lakini angesema."

Kinyozi aligeuza uso kuelekea ukutani. Mama Upawa akainuka. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Jumatatu ukija, pita hapa, mama mkwe."

Alifika nyumbani saa saba. Jua lilikuwa palepale sakafuni. Alichemsha viazi viwili na yai, akapakua, akaweka sahani mezani. Halafu, badala ya kukaa, alikwenda mlangoni, akasimama upande wa kushoto wa fremu, mahali pake pa siku zote. Kutoka pale aliona alichokuwa anakiona miaka yote ile: kiti, sahani, na shingo ya mtoto, ambayo ingekuwa pale, imeinama, imekakamaa. Hakuwahi kuitazama ile shingo. Alikuwa anatazama sahani.

Upawa ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake. Aliutoa, akautia kwenye droo, akafunga.

Alisogeza kiti cha pili mezani, akakigeuza kielekee dirishani, na chake akakigeuza vilevile, ili mtu asimtazame mwenzake. Akakaa. Akashika kipande cha kiazi. Nyuma yake mlangoni pakajaa, na maganda ya machungwa yakanuka.

"Kaa, mwanangu," alisema, macho yakiwa nje. "Sitakutazama."

Akatafuna taratibu. Pembeni yake kiti kililia kidogo, kama viti vya zamani vinavyolia. Mama Upawa hakugeuka. Alimeza, nacho kikapita, akachukua kipande kingine.